Ukurasa Mmoja kwa Kila Raia

Nchi ninayotaka kuisimulia ilikuwa na serikali yenye adabu sana, isiyopenda kumficha mtu kitu. Rais wake, katika hotuba iliyochukua saa nne na robo, alitangaza kwamba tangu siku ile kila raia ana haki ya kujua lolote ambalo serikali inalijua. Wananchi walipiga makofi mpaka viganja vikawauma. Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Uwazi, ikapewa jengo jipya la ghorofa sita katika mji mkuu. Jengo lilikuwa na vioo vyeusi pande zote ili jua lisiwasumbue watumishi, na ukuta mrefu kulizunguka ili uwazi usije ukaibwa. Getini waliwekwa walinzi wanne.

Mimi sina la kulaumu. Nasimulia tu yaliyotokea, nami nimeyapata kwa watu waliokuwepo.

Mwendo wa siku nzima kutoka mji mkuu, kulikuwa na mji mdogo uitwao Mzambwe, na katika mji huo kulikuwa na maktaba ya umma ya chumba kimoja. Mkutubi wake aliitwa Bi Zamda Mkwizu, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wageni waliidhania ni upole, kumbe ni mazoea ya kazi. Alikuwa ameishika maktaba ile kwa miaka ishirini na mitatu. Vitabu vyake vingi vilikuwa msaada kutoka ng'ambo: kumi na vinne vilifundisha kuendesha gari kwenye barafu, na kimoja kilieleza sheria za nchi ambayo tayari ilishavunjika. Hata hivyo watu wa Mzambwe walikuwa wakija, tena wengi, kwa sababu Bi Zamda alikuwa na tabia moja. Ukimuuliza jambo, hatulii mpaka alipate. Kinyozi mmoja aliwahi kumuuliza marehemu baba yake alizaliwa mwaka gani, akamtafutia kwa wiki saba, akampatia na siku yenyewe.

Asubuhi moja aliingia Nuswe, muuza vitumbua wa mtaa wa shuleni, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita, Sekela. Hakuja kuazima kitabu. Alimwambia mtoto atabasamu, naye akatabasamu, na Bi Zamda akaona meno yenye madoa ya kahawia kama rangi ya chai inayobaki kwenye kikombe. Kisha akamwambia atembee mpaka dirishani na kurudi. Miguu ya mtoto ilikuwa na matege, na alipogeuka aling'ata mdomo.

Nuswe akaeleza kwamba watoto wengi wa mtaa wake wako hivyo. Wapo wanaosema ni maji, wapo wanaosema ni ukoo, na jirani yake mmoja anasema ni kijicho. Lakini yeye alikumbuka kwamba miaka mitatu nyuma walikuja wataalamu wa serikali waliovaa makoti meupe. Walizunguka visima vyote kumi na kimoja vya mji, wakachota maji kwenye vichupa, wakabandika vikaratasi, wakaaga vizuri, wakaenda zao.

"Waliyapima," alisema Nuswe. "Kwa hiyo serikali inajua. Na mimi nataka nijue nimchotee mwanangu kisima kipi."

Bi Zamda alifungua daftari la maswali ya wasomaji, akaandika tarehe, jina na swali lenyewe, kama alivyozoea. Akamwambia Nuswe arudi Ijumaa.

*

Ofisa wa wilaya alimpokea Bi Zamda kwa furaha. Alithibitisha kwamba ripoti ya maji ya Mzambwe ipo, imekamilika, na ni ya wazi kabisa. Na kwa kuwa ni ya wazi, alisema, imepelekwa Wizara ya Uwazi ikatunzwe huko, isije ikaangukia mikononi mwa watu wakaifanya ya siri. Akamshauri aandike barua.

Bi Zamda aliandika. Baada ya wiki sita likaja jibu lenye aya tatu. Aya ya kwanza ilimshukuru. Ya pili ilimshukuru zaidi. Ya tatu ilimweleza kwamba ili ombi lake lishughulikiwe anapaswa kujaza Fomu Namba 7, ambayo hutolewa kwa waliokwisha kujaza Fomu Namba 6. Alijaza ya sita, akaletewa ya saba. Swali kubwa la fomu hiyo lilikuwa hili: "Taja habari unayoihitaji, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa ndani ya ripoti."

Alilisoma mara tatu, akisogeza miwani. Mwisho akaandika: "Nitaitaja nikishaisoma." Wizara ilimjibu kwa barua ya kumpongeza kwa ukweli wake, na ikalikataa ombi.

Miezi ilikuwa ikienda. Kila Ijumaa Nuswe alikuja maktabani baada ya kumaliza vitumbua vyake, akasimama mbele ya meza, na Bi Zamda akamwambia bado. Hawakuwa wakizungumza zaidi ya hapo. Ijumaa moja Nuswe alikuja peke yake. Alipoulizwa mtoto yuko wapi alisema ameacha kumpeleka shule, maana safari ya kwenda na kurudi inamliza. Bi Zamda aliniambia kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakuna siku iliyomchosha kama ile. Jumatatu aliomba likizo yake ya mwaka, akafunga kibegi, akaenda mji mkuu.

*

Wizara ya Uwazi ilikuwa na Chumba cha Kusomea kwenye ghorofa ya sita. Msimamizi wake alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano aitwaye Tegemeo Kisanga, mwenye shati lililonyooshwa vizuri na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amekaa katika chumba kile kwa miaka minne na hakuna mtu aliyewahi kuingia kusoma. Bi Zamda alipofungua mlango, kijana aliinuka kwa haraka akamwaga chai yake juu ya meza.

"Karibu, mama," alisema akifuta chai kwa mkono. "Umepotea njia?"

Bi Zamda alimwambia hajapotea, amekuja kusoma. Tegemeo alimpa kiti, nacho kilikuwa kiti pekee, kwa kuwa kanuni zilikuwa zimeruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja na bajeti ikazifuata. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, akamsomea masharti. Raia yeyote anaruhusiwa kusoma ripoti yoyote. Ila kila raia ana haki ya ukurasa mmoja kwa mwaka. Bi Zamda aliuliza kwa nini.

Tegemeo alifafanua kama alivyofundishwa: nchi ina raia milioni ishirini na kurasa ni chache. Wakija watu wachache wakazisoma zote wakazimaliza, hao wengine watasoma nini? Serikali ilitaka haki itendeke. Bi Zamda aliitazama mashine ya kudurufu iliyokuwa pembeni, bado imefungwa kwenye nailoni. Tegemeo akamwambia kwamba hiyo inasubiri mgeni rasmi wa kuizindua, na mgeni rasmi alikuwa na ratiba ndefu. Kuhusu kunakili kwa mkono, kanuni hazikusema kitu, ila zilimtaka raia aje na kalamu yake.

Ripoti ya maji ya Mzambwe ilikuwa na kurasa tisini na nne. Bi Zamda, kwa uchovu wa safari au kwa mazoea ya kuanza kitabu mwanzoni, akaomba ukurasa wa kwanza. Ulikuwa dibaji ya Waziri. Waziri alimshukuru Rais kwa kuwepo kwa maji, akawashukuru wataalamu kwa kuyapima, akayashukuru na maji yenyewe kwa ushirikiano. Bi Zamda alinakili kila neno, akasaini kitabu cha wageni, akashuka ngazi.

Alipofika getini alisimama ghafla, akajipiga paji la uso. Angeweza kuomba ukurasa wa yaliyomo. Mkutubi wa miaka ishirini na mitatu, aliyewafundisha mamia ya watoto kwamba kitabu usichokijua huanzia kwenye yaliyomo, alikuwa ametupa haki yake ya mwaka mzima kwenye salamu za Waziri. Alirudi juu. Tegemeo alisikitika naye kwa dhati, akamwambia mwakani karibu sana.

*

Ijumaa ile alimweleza Nuswe kila kitu, pamoja na kosa lake, wala hakulipunguza. Nuswe aliitazama ile karatasi ya shukrani.

"Raia mmoja, ukurasa mmoja?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mimi si raia?"

Bi Zamda alimtazama. Alikuwa amehangaika kwa miezi saba akitafuta mlango kwa niaba ya wasomaji wake, na haikumjia kuwauliza wao. Siku hiyohiyo walipanga safari ya Nuswe. Alimwandikia namba yake ya raia kwenye karatasi, akamfundisha la kusema, na akampa kalamu tatu kwa tahadhari. Baada ya siku nne Nuswe alirudi na ukurasa wa yaliyomo, umeandikwa kwa herufi kubwa zilizolala upande. Matokeo ya visima yalianzia ukurasa wa thelathini na moja na kuishia wa sabini. Zilikuwa kurasa arobaini. Walihitaji raia arobaini.

Watu walianza kujiandikisha maktabani. Alikuja mchinjaji, wakaja mafundi cherehani watatu, wakaja waimbaji wa kanisani na mwalimu wa madrasa na mke wake, akaja na yule kinyozi. Bi Zamda hakutaka kuwapeleka hivihivi. Alijua kwamba ripoti za aina ile hujaa tarakimu, na nukta ikihama nafasi moja, maji mabaya yanakuwa mazuri. Kwa wiki mbili, kila jioni baada ya kazi, aliwakalisha akawafundisha kunakili majedwali. Majedwali pekee aliyokuwa nayo yalikuwa ya kwenye vile vitabu vya barafu, kwa hiyo hadi leo kuna mchinjaji Mzambwe anayejua kwa ghibu gari linahitaji mita ngapi kusimama kwenye barafu likiwa na matairi ya kawaida. Aliyekosea nukta alirudia ukurasa mzima. Walinung'unika, lakini walirudia.

Wakafika thelathini na tisa, wakakwama hapo.

Alikuwepo mzee mmoja, Bakiri Chande, fundi wa visima. Kati ya visima kumi na kimoja vya Mzambwe, saba alivichimba yeye, na watu walimheshimu kwa hilo. Tangu habari ya ripoti ianze, Mzee Bakiri alikuwa ameisema vibaya kila mahali. Ni kupoteza muda, alisema, maji ni maji, wao waliyanywa wakakua. Alikuwa amefikia hatua ya kuvuka barabara ili asisalimiane na Bi Zamda. Siku moja kabla ya safari akaja, akasimama kwenye mlango wa maktaba akiwa amevua kofia. Bi Zamda alimwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akangoja hadi watu wengine wakatoka.

"Nasikia mmepungukiwa na mtu mmoja," alisema mwishowe. "Mimi sijui kusoma. Lakini najua kuchora. Kila kisima nilikichora kabla ya kukichimba."

Bi Zamda alimuuliza, kwa upole wa kweli safari hii, kama ana hakika anataka kwenda.

"Visima saba ni kazi ya mikono yangu," alisema Mzee Bakiri. "Kama vimewaumiza watoto, sitaki nije kuambiwa na mtu mwingine."

Akaandikwa wa arobaini.

*

Walisafiri kwa lori la vitunguu, kwa sababu ndilo lililokuwa likienda. Walipopanda hadi ghorofa ya sita, jengo zima la Wizara ya Uwazi lilinuka vitunguu, na watumishi walifungua madirisha kwa mara ya kwanza tangu jengo lizinduliwe.

Tegemeo Kisanga alipouona mstari ule ngazini, alidhani kwanza kwamba ni maandamano. Alipoelewa kuwa ni wasomaji, kila mmoja ana namba yake ya raia na kalamu yake, uso wake ulibadilika. Alikimbia ofisi hadi ofisi kuomba viti, akapata viwili. Waliobaki walikaa sakafuni, kwenye ngazi, na kandokando ya ukumbi. Kuhusu ile kanuni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, Tegemeo aliifikiria sana, akaamua kwamba kila mtu alikuwa na wakati wake. Aliigawa ripoti ukurasa kwa ukurasa, akimtaka kila mtu asaini.

Mzee Bakiri alipata ukurasa wa hamsini na nane. Aliuweka juu ya paja, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama ardhi kabla ya kuichimba, kisha akaanza kuchora. Alichora kila herufi kama alivyoiona, pole pole, bila kujua inasema nini. Alichora mistari ya jedwali, akachora mhuri, akachora na mbu aliyekuwa amepondwa pembeni mwa karatasi, maana hakuweza kujua kama naye ni sehemu ya matokeo. Wenzake walimaliza saa saba mchana. Saa tisa na nusu, muda wa kufunga, yeye alikuwa nusu ya jedwali. Tegemeo aliitazama saa yake, akaivua mkononi, akaitia mfukoni. Akasema imesimama. Wakakaa wote kumsubiri mzee mpaka saa kumi na moja.

*

Siku moja baada ya kurudi Mzambwe, kurasa zote zilibandikwa kwenye ukuta wa maktaba kwa mpangilio, na mji ukaja. Waliokosa nafasi ndani walisimama nje ya madirisha. Bi Zamda alipita kutoka ukurasa hadi ukurasa akiwasomea, na sauti yake ya chini ilisikika hadi nje kwa jinsi walivyonyamaza.

Maji ya Mzambwe yalikuwa na madini ya floridi. Madini hayo yakizidi, yalisema maelezo ya wataalamu, huharibu meno ya watoto na kupinda mifupa yao. Visima vinne vilikuwa salama. Visima saba vilizidi kiwango. Kati ya hivyo saba, vitano vilikuwa vya Mzee Bakiri. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kisima namba saba, kilicho karibu na shule, kile alichokichimba mwisho na kukisifia zaidi kwa sababu maji yake yalikuwa matamu na hayakukauka hata kiangazi. Kilikuwa kwenye ukurasa wa hamsini na nane. Kiwango kinachokubalika kiliandikwa moja nukta tano. Kisima namba saba kilikuwa tisa nukta sita.

Mzee Bakiri alimwomba arudie, naye akarudia. Kisha akasogea ukutani, akauliza tisa ni ipi hapo. Bi Zamda akamwonyesha kwa kidole. Mzee aliitazama ile alama aliyoichora mwenyewe, akavaa kofia yake, akatoka, na watu wakampisha.

Asubuhi walimkuta kwenye kisima namba saba. Alikuwa amefungua mkono wa pampu kwa spana yake, amekaa juu ya saruji akiwa ameupakata. Alikaa pale wiki nzima, akiwaelekeza akina mama na watoto, mmoja mmoja, waende kisima namba mbili kule kwenye machimbo ya kokoto. Wachache walimsema. Wengi walimletea uji. Nuswe alimpita kila asubuhi na ndoo zake, na siku ya tatu alisimama kumjulia hali. Mwendo wake wa kufuata maji ulikuwa umeongezeka mara tatu. Mganga wa zahanati alimwambia kwamba meno ya Sekela hayatarudi kuwa meupe, ila miguu, kwa kuwa mtoto bado anakua, wangoje waone.

*

Serikali nayo haikulala. Zilipofika habari kwamba mji mzima unajua maji yake, wizara ilifurahi sana, ikamfungulia Bi Zamda mashtaka. Alidaiwa kusoma kurasa arobaini na mbili katika mwaka mmoja, yaani arobaini na moja zaidi ya haki yake, na hivyo kuwadhulumu raia wengine arobaini na mmoja ambao hawajajulikana. Aliitwa mbele ya Kamati Kuu ya Uwazi.

Katibu Mkuu wa wizara, bwana mwenye sauti nene na tai ya rangi za bendera, alifungua kikao. "Ndugu wajumbe," alisema, "haijapata kutokea serikali iliyo wazi kama hii yetu. Na kwa sababu hiyo naomba mlango ufungwe."

Mlango ulifungwa. Bi Zamda akatakiwa kujibu shtaka. Alisimama, akavua miwani, akasema kwamba kanuni inahesabu kurasa zinazosomwa katika Chumba cha Kusomea. Katika chumba hicho yeye alisoma ukurasa mmoja tu, dibaji ya Mheshimiwa Waziri, na kama angeweza kuurudisha apewe mwingine angefurahi. Zile nyingine zilisomwa na raia arobaini na mmoja, kila mmoja wake. Yeye amezisomea kwenye ukuta wa maktaba. Wajumbe walishauriana kwa dakika ishirini kama ukuta ni waraka wa serikali. Hawakukubaliana.

Ndipo Tegemeo Kisanga, aliyeitwa kama shahidi wa upande wa wizara, aliomba kusema. Aliyekuwepo aliniambia kwamba shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alisema ameajiriwa miaka minne kusimamia watu wasome, na siku wale watu wa vitunguu walipokuja ndiyo siku pekee aliyofanya kazi. Akaomba kwamba, kabla ya kumhukumu mama huyu, kamati imuulize anataka nini. Katibu Mkuu alikunja uso, lakini kwa kuwa jambo lilishasemwa na mwandishi wa kikao alishaliandika, akauliza.

"Swali halikuwa langu," alisema Bi Zamda. "Ni la mama anayechota maji. Mlikuwa na jibu lake kwa miaka mitatu, na mtoto ameyanywa maji yale kwa miaka hiyo mitatu. Siwaombi jipya lolote. Ripoti inayohusu watu, wekeni nakala kwenye maktaba ya hao watu. Mimi na wenzangu tutaitunza, na atakayeuliza tutampa."

Mjumbe mmoja alionekana akihesabu kitu kwa vidole, pengine umri wa mwanawe. Katibu Mkuu aliuliza kwa wasiwasi maktaba hizo huingiwa na watu wangapi, maana kuna tofauti kati ya uwazi na msongamano. Karani alifungua jalada la takwimu. Nchi nzima ilikuwa na maktaba mia moja arobaini na tatu, akasoma, na kwa mujibu wa fomu zilizojazwa tangu uhuru, hakuna hata moja iliyowahi kuzidi wasomaji tisa kwa siku.

Sasa, fomu ile ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuandikia tarakimu. Maktaba yenye wasomaji themanini iliandika tisa, kwa kuwa ndiyo tarakimu kubwa iliyoingia. Bi Zamda alikuwa ameiandikia wizara mara mbili kuhusu kisanduku hicho, na mara zote mbili alishukuriwa. Kikaoni hakuulizwa juu ya kisanduku. Nilipomuuliza mimi kwa nini hakusema, alinijibu kwamba barua zake zilikuwa kwenye majalada yao, na majalada yao ni ya wazi.

Uso wa Katibu Mkuu ulichangamka. Wasomaji tisa! Kwa miaka mingi wizara ilikuwa ikitafuta mahali pa kuweka ripoti ambapo sheria itatimizwa na hakuna mtu atakayefika, ikajenga mpaka ghorofa ya sita, kumbe mahali hapo pamekuwepo siku zote. Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba ripoti zote za serikali zipelekwe kwenye maktaba za umma mara moja, kwa ajili ya utulivu. Mashine ya kudurufu ilizinduliwa wiki ileile. Bi Zamda alisamehewa kwa sharti la kutorudia, na Tegemeo akahamishiwa kitengo cha usafirishaji wa ripoti kama adhabu, akaenda akipiga mluzi.

*

Lori la wizara lilifika Mzambwe Jumanne asubuhi likiwa na maboksi ishirini na sita. Dereva, mtu mzima mwenye mvi na koti la sare, alipunguza mwendo alipoikaribia maktaba. Barazani kulikuwa na watu zaidi ya mia wamekaa kimya, wengine chini, wengine kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani. Mzee Bakiri alikuwa mbele. Dereva alizima injini, akavua kofia kwa heshima, akashuka, akamwendea Bi Zamda, akasema kwa sauti ya chini.

"Poleni sana, mama. Nani amefariki?"

Bi Zamda alimwambia hakuna aliyefariki, wamekuja kusoma. Dereva aliwatazama tena, akayatazama maboksi aliyoyabeba nchi nzima wiki mbili bila kufungua hata moja. Watu walianza kuyapokea mkono kwa mkono hadi ndani. Alisainiwa hati yake, akaikunja, akaitia mfukoni, lakini hakurudi garini.

"Mimi ni mtu wa Lusongo," alisema. "Na kwetu walikuja na vichupa."

Bi Zamda alivuta kiti, akamkaribisha akae, akafungua daftari la maswali.

"Jina lako kwanza," alisema.